Theluthi Mbili: Jinsi Dharura Ilivyogeuka Njia ya Kawaida ya Kuitawala Marekani

Tarehe 11 Machi 2025, Baraza la Wawakilishi la Marekani lilipitisha kanuni ya kuongoza mijadala yake. Ndani yake kiliwekwa kifungu kifupi: siku zote zilizobaki katika kikao cha mwaka huo hazitahesabiwa kuwa siku za kalenda, pale linapohusika azimio la kufuta dharura iliyotangazwa na Rais Donald Trump tarehe 1 Februari. Dharura hiyo ndiyo iliyotumika kuhalalisha ushuru mpya wa forodha dhidi ya Canada, Mexico na China. Kanuni ilipita kwa kura 216 dhidi ya 214.

Kifungu hicho kilikuwa na shabaha moja. Sheria ya hali ya dharura inamruhusu mbunge yeyote kuwasilisha azimio la kufuta tangazo la rais, na inaitaka kamati kulirudisha mbele ya baraza zima ndani ya siku 15 za kalenda. Siku zisipohesabiwa, 15 hazitimii. Azimio halikataliwi wala halipigiwi kura. Linakaa mezani mpaka kikao kinakwisha. Na kwa kuwa Katiba inaliachia kila baraza lijitungie kanuni zake, hakuna sheria iliyovunjwa.

Mazungumzo mengi kuhusu kudhoofika kwa demokrasia ya Marekani yanamzunguka mtu mmoja: hulka yake, kauli zake, wafuasi wake. Mtu huyo anahusika, tena sana. Lakini hulka ya rais haielezi kwa nini bunge lenye mamlaka ya kutoza kodi na kugawa fedha lisimamishe kalenda yake lenyewe ili lisilazimike kusema ndiyo au hapana. Jibu liko katika hesabu ya kura: ni nani anayetakiwa kukusanya kura ngapi ili kumzuia rais. Hesabu hiyo ilibadilika zaidi ya miaka 40 iliyopita, na matokeo yake yanaonekana sasa.

Mwaka 1973 kamati maalumu ya Seneti, chini ya maseneta Frank Church wa Democratic na Charles Mathias wa Republican, ilichunguza mamlaka ya dharura na kugundua jambo ambalo Wamarekani wengi hawakulijua: nchi yao ilikuwa katika hali ya dharura mfululizo tangu Machi 1933, Franklin Roosevelt alipofunga mabenki. Matangazo manne yalikuwa bado hai: hilo la 1933, la Truman la 1950 wakati wa vita vya Korea, na mawili ya Nixon, ya 1970 na 1971. Kamati ilihesabu takriban vifungu 470 vya sheria vilivyompa rais uwezo usio wa kawaida mara dharura inapotangazwa.

Dawa iliyopatikana ni Sheria ya Dharura za Taifa ya mwaka 1976. Haikufafanua dharura ni nini. Rais aliachiwa uhuru wa kuitambua na kuitangaza kwa saini yake peke yake, na uhuru huo mkubwa ulifungwa kwa kufuli moja: mabaraza mawili ya bunge yangeweza kuifuta wakati wowote kwa wingi wa kawaida wa kura, bila kuhitaji saini ya rais. Watunga sheria waliona mzani umekaa sawa. Rais anatangaza haraka, bunge linafuta haraka.

Kufuli hilo lilidumu miaka saba, na kilicholiondoa ni kesi isiyohusu dharura hata kidogo. Jagdish Rai Chadha, mzaliwa wa Kenya mwenye asili ya Kihindi na pasipoti ya Uingereza, aliingia Marekani kusoma mwaka 1966. Viza yake ilipokwisha, hakimu wa uhamiaji alimruhusu kubaki. Desemba 1975 Baraza la Wawakilishi likaifuta ruhusa hiyo kwa azimio lake peke yake, likiwa linatumia kipengele cha sheria kilicholipa uwezo huo. Juni 1983 Mahakama ya Juu iliamua, kwa majaji 7 dhidi ya 2, kwamba kipengele hicho kilikiuka Katiba. Uamuzi wowote wa bunge wenye nguvu ya sheria, ilisema, sharti upite mabaraza yote mawili na umfikie rais ausaini au aupinge kwa kura ya turufu.

Hoja ya mahakama ina mantiki, na Chadha mwenyewe alitendewa haki. Madhara yalikuwa kwingine. Jaji Byron White, aliyepinga hukumu hiyo, alionya kwamba vifungu karibu 200 vya sheria nyingine vimeangushwa kwa pigo moja. Kwa miongo kadhaa bunge lilikuwa limemgawia rais mamlaka makubwa likijua kwamba linaweza kuyarudisha kwa kura ya kawaida. Mahakama iliondoa njia ya kuyarudisha, ikayaacha mamlaka yalipo. Mwaka 1985 bunge lilirekebisha sheria ya dharura iendane na hukumu: azimio la kufuta dharura sasa linahitaji saini ya rais yule yule aliyeitangaza.

Akikataa, zinahitajika theluthi mbili katika kila baraza. Maana yake, rais anahitaji maseneta 34 tu kati ya 100, na upinzani wa Baraza la Wawakilishi unakuwa hauna athari. Kwa sensa ya 2020, majimbo 17 yenye watu wachache zaidi, ambayo kwa pamoja yana maseneta 34, hayafikishi asilimia 10 ya watu wa Marekani. Maseneta hawajipangi hivyo wanapopiga kura, lakini takwimu hiyo inaonyesha kizingiti kimewekwa wapi. Kabla ya 1983 rais alihitaji walau wingi wa baraza moja usimkatae. Baada ya hapo, kundi dogo lisilotetereka linamtosha.

Kwa miaka mingi tofauti hii haikuonekana, kwa sababu dharura nyingi zilihusu vikwazo dhidi ya nchi za nje. Ile ya Iran, iliyotangazwa na Jimmy Carter Novemba 1979, imeongezwa muda kila mwaka na marais wanane wa vyama vyote viwili. Sheria inayataka mabaraza yakutane kila miezi sita kufikiria kama dharura iendelee. Tangu 1976 hadi Februari 2019 hakuna baraza lililopiga kura hiyo hata mara moja. Desturi ya kutoangalia ilikuwa imeshajengeka kabla hajapatikana rais wa kuitumia.

Jaribio lilikuja mwaka 2019. Donald Trump aliomba dola bilioni 5.7 za ukuta wa mpaka wa kusini. Serikali ilifungwa siku 35 kwa mvutano huo, na mwisho wake bunge likaidhinisha bilioni 1.375. Tarehe 15 Februari rais alitangaza dharura ili achukue fedha za ujenzi wa jeshi, dola bilioni 3.6, na siku hiyo hiyo akawaambia waandishi wa habari kwamba hakulazimika kufanya hivyo, ila alitaka mambo yaende haraka zaidi. Kauli hiyo ilikuwa kukiri waziwazi kwamba hapakuwa na dharura. Haikuwa na uzito wowote kisheria, kwa kuwa sheria haikufafanua dharura.

Wawakilishi walipiga kura 245 dhidi ya 182 kuifuta. Seneti ikafuata kwa 59 dhidi ya 41, maseneta 12 wa chama cha rais wakiwa miongoni mwa hao 59. Siku iliyofuata rais alitumia kura ya turufu. Tarehe 26 Machi wawakilishi walijaribu kuishinda: 248 dhidi ya 181, pungufu ya kura 38. Seneti ilipiga kura tena Septemba, ikapata wingi tena, ikapingwa tena. Bunge lilikuwa limenyima fedha kwa sheria ya bajeti, kisha likakanusha dharura mara mbili katika mabaraza yote mawili, na fedha zikatumika. Kesi zilifunguliwa, lakini hadi Joe Biden alipoifuta dharura hiyo Januari 2021, Mahakama ya Juu ilikuwa haijatoa hukumu ya mwisho. Azimio pekee lililowahi kufuta dharura chini ya sheria hii ni la Aprili 2023 kuhusu UVIKO, nalo lilifanikiwa kwa sababu rais alikubali kulisaini.

Kwa nini theluthi mbili hazipatikani hata pale wabunge wa chama cha rais wanapojua kwamba mamlaka yao yananyang'anywa? Utafiti wa nafsi zao hauhitajiki. Uchaguzi wa awali ndani ya chama unatosha kueleza. Katika wilaya nyingi za uchaguzi ushindi wa chama fulani unajulikana mapema, kwa hiyo kinyang'anyiro halisi ni kile cha ndani, chenye wapiga kura wachache na wenye msimamo mkali. Rais anayependwa na hao ana uwezo wa kummaliza mbunge kisiasa. Wawakilishi 10 wa Republican waliounga mkono kumshtaki Trump Januari 2021, baada ya uvamizi wa jengo la bunge, walibaki wawili baada ya uchaguzi wa 2022. Wanne walishindwa ndani ya chama chao, wanne hawakugombea. Kila mbunge aliyebaki aliiona hesabu hiyo.

Mwaka 2025 mtambo huu ulianza kutumika kwa kasi isiyo na mfano. Sheria ya 1977 ya mamlaka ya dharura za kiuchumi, iliyokuwa imetumika kuzuia mali za mataifa hasimu, ikatumiwa kutoza ushuru wa forodha, jambo ambalo hakuna rais aliyewahi kulifanya kupitia sheria hiyo, na ambalo Katiba imelikabidhi bunge. Aprili ushuru ukaenea karibu dunia nzima. Tarehe 30 Julai ikatangazwa dharura juu ya Brazil, na moja ya sababu zilizoandikwa ni kesi ya jinai ya rais wa zamani wa nchi hiyo, Jair Bolsonaro. Mashtaka katika mahakama ya Brasília yakawa hatari kwa usalama wa taifa la Marekani. Tarehe 28 Mei mahakama ya biashara ya kimataifa mjini New York iliuona ushuru wa aina hiyo kuwa haramu. Tarehe 29 Agosti mahakama ya rufaa ikakubaliana nayo kwa majaji 7 dhidi ya 4. Katika miezi yote hiyo ushuru uliendelea kutozwa bandarini.

Hapa linajitokeza jambo la pili baada ya kizingiti cha kura, nalo ni muda. Mahakama hufanya kazi baada ya tendo, na tendo la rais hukamilika kabla ya hukumu. Januari 2025 wakaguzi wakuu wapatao 17 wa wizara na idara walifukuzwa usiku mmoja, ingawa sheria inataka bunge lipewe taarifa ya siku 30 na sababu. Septemba jaji wa shirikisho mjini Washington alikubali kwamba sheria ilivunjwa, akakataa kuwarudisha kazini, kwa kuwa rais angeweza kutoa taarifa hiyo na kuwafukuza tena baada ya siku 30. Sheria ilithibitika na haikuleta tofauti.

Fedha zinafuata njia hiyo hiyo. Sheria ya 1974, iliyotungwa baada ya Nixon kuzuia matumizi yaliyoidhinishwa, inamruhusu rais kusimamisha fedha kwa siku 45 wakati bunge linatafakari ombi lake la kuzifuta. Mwishoni mwa Agosti 2025 serikali iliomba kufuta dola bilioni 4.9 za misaada ya nje, siku chache kuliko 45 kabla ya mwaka wa fedha kuisha Septemba 30. Bunge halikuhitaji kukubali, kalenda ilitosha. Tarehe 26 Septemba Mahakama ya Juu iliruhusu karibu bilioni 4 ziendelee kuzuiwa. Afrika Mashariki ilikuwa imeshauonja utaratibu huu tangu Januari, misaada iliyokwisha kuidhinishwa na bunge iliposimamishwa kwa amri ya rais: kliniki za VVU nchini Kenya, Tanzania na Uganda zilijikuta wahudumu wanaolipwa na miradi hiyo wameambiwa waache kazi, huku wagonjwa wakiwa bado kwenye foleni ya dawa.

Ipo hoja ya kupinga inayostahili uzito wake. Marais wa Democratic nao wameyatumia mamlaka haya; Biden alitegemea dharura ya UVIKO kutaka kusamehe madeni ya wanafunzi ya takriban dola bilioni 400, na Mahakama ya Juu ikamzuia Juni 2023. Hoja hii ni kweli, na inathibitisha kwamba kasoro iko katika muundo. Lakini mfano wenyewe una tofauti inayohusika. Madeni yale yalizuiwa kabla hayajafutwa. Ushuru na mishahara iliyosimamishwa havingojei. Tena tangu Julai 2024 mahakama hiyo hiyo imempa rais kinga kamili dhidi ya mashtaka ya jinai kwa matendo ya mamlaka yake ya msingi, na dhana ya kinga kwa matendo mengine ya kiofisi. Kinachobaki ni kumshtaki bungeni, na Seneti haijawahi kumtia rais hatiani katika historia yake yote. Mwaka 2021 kura 57 kati ya 100 zilimwona Trump na hatia, zilihitajika 67.

Marekebisho yanajulikana. Mwaka 2019 Seneta Mike Lee wa Utah, wa chama cha Trump, alipendekeza kila dharura ife yenyewe baada ya siku 30 isipokuwa bunge liiidhinishe. Hilo lingerudisha mzigo kwa rais: yeye ndiye atafute wingi wa kura. Muswada huo haukufika popote. Chama kilicho madarakani hakioni haraka ya kumfunga rais wake, na kilicho nje kinahitaji saini ya rais anayetaka kumfunga. Mapendekezo yanayofanana na hayo yaliingizwa katika muswada mpana uliopita Baraza la Wawakilishi Desemba 2021 kwa kura 220 dhidi ya 208, wakati Democratic walikuwa wameshika mabaraza yote mawili na ikulu. Ulifia Seneti, ambako hata kumaliza mjadala ili kura ipigwe kunahitaji kura 60.