Kalambo: usiangalie maji tu, angalia na mwamba

Wadau, wengi wakifika maporomoko ya Kalambo wanapiga picha ya maji halafu haoo, wanageuza. Mi nasema habari yenyewe ipo kwenye mwamba.

Tuanze na Ufipa. Sumbawanga iko kama mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Mashariki, chini kabisa, kuna Ziwa Rukwa. Magharibi kuna Ziwa Tanganyika, ambalo maji yake yako kwenye mita 770 hivi. Bonde la Ufa lilipopasuka, ardhi ya pande zote mbili ilizama, Ufipa ikabaki juu kama meza. Mto Kalambo unapita juu ya meza hiyo, mpakani na Zambia. Ukifika ukingoni unadondoka zaidi ya mita 220 kwa mkupuo mmoja. Victoria yenye jina kubwa ni mita 108 tu!

Sasa rangi. Ule mwamba ulikuwa mchanga, zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita, ukashindiliwa mpaka ukawa mgumu ajabu. Wekundu unaoelekea zambarau ni kutu, yaani chembe za chuma zilizokutana na hewa na maji. Kijani ni mimea inayoishi kwa rasharasha za maporomoko.

Na chuma Wafipa walikijua zamani. Walikiyeyusha kwenye malungu, tanuri za udongo ndefu kuliko mtu. Kabla yao walikuwepo wengine: mwaka 2023 wataalamu walitangaza magogo mawili yaliyochongwa yakaunganishwa, yaliyofukuliwa jirani na maporomoko upande wa Zambia. Umri wake? Miaka kama 476,000, kabla binadamu wa leo hajatokea.

Kwenda, toka Sumbawanga unapita Matai hadi kijiji cha Kapozwa. Ukitaka maji mengi nenda mwishoni mwa masika. Ukitaka kuuona mwamba vizuri, nenda Septemba au Oktoba. Chukua mwenyeji, na usisogelee ukingo kwa ajili ya picha, pale hakuna kuteleza mara mbili. Jina lako usilichonge kwenye jiwe.

Vijana wa Rukwa, mgeni akiuliza kwa nini jiwe ni jekundu, jibu litoke kwetu. Anayeweza kueleza ndiye atakayelipwa kuongoza wageni. Tusipojifunza, kazi hiyo watafanya wengine, sisi tutabaki kuwauzia maji ya chupa.

Naomba kuwasilisha.