Katuruka: Kijiji Kilichohifadhi Historia ya Chuma

Katika Kata ya Maruku, Wilaya ya Bukoba, Mkoa wa Kagera, kipo kijiji kiitwacho Katuruka. Apitaye njiani huona vibanja vya migomba na mibuni, na nyumba zilizojengwa katikati yake, kama ilivyo desturi ya Buhaya yote. Haoni tanuri wala hasikii nyundo ya mhunzi. Hata hivyo, chini ya udongo wa vibanja hivyo kuna mabaki ya kazi ya chuma ambayo ni miongoni mwa ya kale sana yajulikanayo katika Afrika Mashariki. Jinsi mabaki hayo yalivyopatikana ni somo kwa kila anayetaka kujua thamani ya masimulizi ya wazee mbele ya sayansi.

Kaiija na makao ya Mukama

Mahali palipo mashuhuri zaidi kijijini ni Kaiija, palipokuwa na mti mkubwa wa kale ulioheshimiwa kama mahali pa tambiko. Maana ya jina hilo ni mahali pa kufulia chuma. Karibu na hapo ni makao ya Mukama Rugomora Mahe, aliyetawala Kyamutwara, kwa makadirio, katika karne ya 17.

Wazee walisimulia kwamba Mukama huyo aliwaamuru wahunzi wajenge mnara wa chuma wa kufika mbinguni, ili yajulikane ya huko juu. Wahunzi walijenga, lakini mnara ukaanguka. Mtu angeweza kuidharau hadithi hiyo kuwa ni ngano tu. Peter Schmidt, mtaalamu wa mambo ya kale kutoka Marekani, hakuidharau. Alipofanya utafiti Buhaya mwaka 1969 na 1970, aliwasikiliza wazee kwanza, kisha akachimba pale walipomwonyesha.

Ushahidi wa ardhini

Ardhi iliwaunga mkono wazee. Yalipatikana mashimo yenye mavi ya chuma, yaani uchafu unaotengana na chuma wakati wa kuyeyusha. Vilipatikana pia vipande vya matofali ya tanuri na vigae vya vyungu vya aina iitwayo Urewe. Pamoja na hivyo yalikuwamo makaa, na makaa ndiyo yaliyowezesha kupima umri.

Kila kiumbe kilicho hai kina kiasi kidogo cha kaboni ya 14. Kikisha kufa, kaboni hiyo huanza kupungua, na nusu yake hutoweka kila baada ya miaka 5,730 hivi. Kwa hiyo, kipimo cha kiasi kilichobaki hutuonyesha mti ulikufa lini. Vipimo vya Katuruka vilionyesha kwamba chuma kilifanyiwa kazi hapo katika miaka 1,000 ya mwisho kabla ya kuzaliwa Kristo. Baadhi ya tarehe za zamani zaidi zimebishaniwa na wataalamu, kwa kuwa moyo wa mti mkubwa huwa na umri mwingi kuliko siku ulipokatwa. Makaa yake yanaweza kuitanguliza tarehe kupita kiasi.

Kati ya wahunzi hao na Rugomora Mahe kuna kitu kama miaka 2,000. Hadithi ilikosea wakati, lakini haikukosea mahali wala kazi iliyofanywa hapo. Schmidt alieleza kwamba watawala waliokuja baadaye walijenga makao yao penye heshima ya kale, na kwa njia hiyo wakaunganisha jina lao na nguvu za wahunzi waliowatangulia.

Wazee wawasha tanuri

Kuingia kwa vyuma vya kigeni kuliiua kazi ya kuyeyusha chuma katika Buhaya mapema katika karne ya 20. Mwaka 1976 wazee wachache waliokuwa wakiikumbuka kazi hiyo waliombwa kuionyesha tena. Walichimba shimo, wakalijaza matete ya kinamasi yaliyounguzwa, wakajenga tanuri kwa udongo wa kichuguu na vipande vya mavi ya chuma ya zamani, kisha wakaingiza mabomba ya udongo na kufunga mivukuto ya ngozi.

Mwanafunzi wa kemia atatambua mara moja kilichotendeka ndani yake. Makaa yakiungua katika hewa chache hutoa kaboni monoksaidi, nayo huinyang'anya mbale oksijeni yake:

Fe2O3 + 3CO → 2Fe + 3CO2

Chuma chenyewe hakikuhitaji kuyeyuka kiwe maji, jambo linalotaka joto la nyuzi 1,538 za Selsiasi. Uchafu ndio ulioyeyuka na kudondoka, ukaacha bonge la chuma la kufuliwa. Mwaka 1978 Schmidt na Donald Avery, mtaalamu wa madini, walichapisha matokeo katika jarida la Science. Walidai kwamba mabomba yaliyoingia ndani ya tanuri yaliipasha hewa joto kabla haijafika penye makaa, na hivyo kuongeza sana ukali wa moto. Wataalamu wengine walilipinga dai hilo la hewa. Lakini kwamba wazee walijua kukitoa chuma katika jiwe, hilo halikuwa na ubishi.

Wajibu wetu

Wazee wa namna hiyo wamekwisha kufariki. Isitoshe, ugonjwa wa Ukimwi, uliogunduliwa Kagera mwaka 1983, uliwachukua wengi ambao wangerithi masimulizi yao. Kwa sababu hiyo wanakijiji wa Katuruka, mwishoni mwa miaka ya 2000, walianza wenyewe kukusanya kumbukumbu na kutengeneza mahali pao pa kale.

Walimu na wanafunzi wanaweza kusaidia popote walipo. Waulizeni wazee maana ya majina ya vilima, miti na vijito, na muyaandike pamoja na jina la msimulizi na tarehe. Mkikuta mavi ya chuma shambani, msiyaondoe: jiwe lililohamishwa huwa jiwe tu, bali lililo mahali pake ni ushahidi. Wala msichimbe, kwani Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inataka kibali, toeni taarifa. Kama Schmidt asingeuliza maana ya Kaiija, huenda asingejua pa kutia jembe.