Sampuli ipande, mtu asishuke

Mto Lumemo ukishuka kutoka milima ya Udzungwa na kufurika masika, maji yake hupita vyooni na kuingia katika visima vifupi ambavyo ni tegemeo la kaya nyingi za Ifakara, katika bonde la Kilombero. Kupima maji hayo ni lazima, na kifaa kinachokaa kisimani muda wote huona mengi kuliko mtu anayekuja na chupa mara mojamoja. Lakini katika kukifunga, hakuna sababu ya fundi kuingia ndani. Kipimo na mpira wa kuvutia maji vinateremshwa kwa kamba, vinafungwa kwenye nondo iliyolazwa mdomoni, na mashine inakaa nje, juu ya kimo cha mafuriko. Uso wa maji ukiwa chini ya pampu kwa zaidi ya mita 7 hivi, pampu ya juu hushindwa kuvuta. Hapo huteremshwa pampu ndogo ya kuzama, na bado mtu hashuki.

Hatari yenyewe ni hewa. Udongo wa bonde la Kilombero una majani na mabua mengi yanayooza. Vijidudu vinavyoyaozesha hutumia oksijeni na kutoa hewa ya ukaa, ambayo ni nzito kuliko hewa ya kawaida mara moja na nusu, kwa hiyo hutuama chini. Hewa tunayovuta ina oksijeni asilimia 20.9. Ikipungua chini ya 19.5 pasiingiwe, ikishuka chini ya 10 mtu huzimia kabla hajaita. Kwenye chemba za maji taka kuna pia haidrojeni salfaidi, inayonuka kama yai viza, na ubaya wake ni kwamba inapofika kama sehemu 100 kwa milioni huua uwezo wa pua kunusa. Harufu inapotoweka, mtu hudhani hewa imesafika.

Wapo watakaosema wachimbaji wamekuwa wakishusha kibatari miaka yote, na kisipozimika wanaingia. Kibatari huonyesha upungufu mkubwa wa oksijeni tu. Hakioni kaboni monoksaidi ya pampu ya petroli, na penye methani ya kutosha kinawasha mlipuko. Tena hewa ya kisima hubadilika: mgandamizo wa anga ukishuka, udongo hutoa gesi zake, na kisima cha asubuhi si kile cha alasiri. Wengine watasema kipima gesi ni ghali. Ni kweli, na ndiyo maana kamba inafaa zaidi.

Ikibidi kabisa kuingia, hewa ipimwe juu, katikati na chini, feni ipulize muda wote, anayeshuka avae mkanda uliofungwa kwenye winchi, na msimamizi abaki juu. Huyo asishuke kamwe kumfuata mwenzake. Mwaka 1986 taasisi ya usalama kazini ya Marekani, NIOSH, ilieleza kuwa zaidi ya asilimia 60 ya waliokufa katika nafasi finyu walikuwa waokoaji. Hapa Tanzania, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtwika mwajiri wajibu wa kulinda uhai wa mfanyakazi. Wahandisi wa maji, mnapochora kisima au chemba mpya, acheni tundu la mpira kwenye mfuniko, ili mtu asishuke.