Sauti ya Filamu Sebuleni: Tuichague kwa Ajili ya Nani?

Imekuwa ada katika nyumba zetu nyingi, hasa nyakati za likizo, jamaa na majirani kukusanyika baada ya Isha kutazama filamu yenye mafunzo. Mwenyeji hutandika busati, huandaa kahawa na kashata, kisha huingiza diski katika deki. Picha humshughulisha sana. Sauti huiacha ijiendee yenyewe. Hapo ndipo bibi aliyeketi pembeni hukaa saa tatu akitazama midomo ikichezacheza, na mtoto wa jirani hushtuka usingizini kwa mshindo wa farasi.

Tuchukue mfano wa The Message, filamu ya mwaka 1976 iliyoongozwa na Moustapha Akkad, mzaliwa wa Syria. Wengi hudhani kuwa Kiarabu chake ni tafsiri iliyobandikwa juu ya Kiingereza. Sivyo. Akkad alipiga filamu mbili kwa waigizaji tofauti: katika ya Kiingereza, Hamza (R.A.) anaigizwa na Anthony Quinn, katika ya Kiarabu, na Abdullah Gaith. Kwa hiyo anayetaka Kiarabu halisi asitegemee kubadili lugha kwa rimoti. Atafute filamu yenyewe ya Kiarabu.

Filamu hiyo ina jambo jingine la kuwaeleza wageni mapema. Mtume Muhammad (S.A.W.) haonekani wala sauti yake haisikiki, wahusika humwelekea na kuzungumza, na maneno yake huyarejea wengine. Asiyejua hudhani sauti imekatika, akaanza kuhangaika na rimoti. Kimya hicho kimekusudiwa kwa heshima.

Tukirudi kwenye diski kwa jumla, DVD moja yaweza kubeba hadi njia 8 za sauti na maandishi ya tafsiri ya aina 32. Kitufe kilichoandikwa "Audio" huzipitia njia hizo moja baada ya nyingine. Baadhi ya diski zina njia ambayo mwongozaji huzungumza juu ya filamu tangu mwanzo hadi mwisho. Ukiikuta, endelea kubonyeza.

Mara nyingi utakutana na chaguo la 5.1, yaani sauti iliyogawanywa kwa spika tano na moja ya besi. Katika mpangilio huo mazungumzo hupelekwa zaidi kwenye spika ya katikati. Nyumba isiyo na spika hizo, yenye runinga tu, huenda ikasikia muziki ukivuma na maneno yakififia. Hapo chagua njia ya stereo, kama ipo. Chaguo la DTS nalo lisikutishe: deki au runinga isiyoweza kuisoma hutoa kimya kitupu. Diski si mbovu. Rejea kwenye Dolby au stereo.

Usiku, ingia katika mipangilio ya sauti ya deki. Nyingi zina chaguo la "Night" au "Dynamic Range", ambalo hupunguza vishindo na kuinua minong'ono. Kwa njia hiyo wageni husikia mazungumzo bila kuongeza sauti kwa jumla, na jirani, ambaye haki yake juu yetu ni kubwa, hulala kwa amani.

Lipo pia suala la lugha. Kiingereza huwapendeza vijana waliosoma, lakini kikao si cha vijana peke yao. Kama hakuna njia ya Kiswahili, tunapendekeza kijana mmoja akae karibu na wazee, na filamu isimamishwe kila baada ya tukio kubwa ili aeleze kwa ufupi. Filamu itarefuka, lakini wote watakuwa wameitazama.

Basi mwenyeji aijaribu diski mchana, kabla wageni hawajafika. Asiketi mbele ya runinga. Aketi pale atakapoketi bibi, asikilize dakika tano za mazungumzo. Akiyasikia vyema hapo, sauti imepatikana.