Maganda Yanayopanda Meli

Goba ya leo, pembezoni mwa Dar es Salaam, ni mahali pa mafundi. Kila kona kuna nyumba inayopandishwa, na kabla zege la linta halijamwagwa mbao hupigwa kwanza. Zege likishika, mbao zinabanduliwa, umbo linabaki. Ukishika barabara ya Makongo hadi Mlimani, utakuta wakemia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakifanya kazi hiyohiyo kwa mbao zisizoonekana.

Mbao zao ni mafuta ya maganda ya korosho, yaleyale yanayobabua vidole vya wabanguaji. Molekuli yake ina kichwa kinachopenda maji na mkia wa kaboni 15 unaoyakimbia. Ndani ya maji na alkoholi molekuli hizo zinakusanyika, mikia ndani, vichwa nje, na silika, yaani madini ya mchanga, inagandia kuzizunguka. Mafuta yakishaoshwa, silika inabaki na vitundu vya nanomita chache, na humo ndimo kichocheo kinapachikwa. Mwaka 2011 wakemia Hamad, Mubofu na Makame walichapisha kazi ya aina hiyo: shaba iliyofungwa kwenye silika ikivunjavunja asidi ya maleiki ndani ya maji. Wenzao wengine wameyageuza mafuta hayohayo kuwa kemikali za kuvutia mbung'o mtegoni.

Maabara, basi, imefanya yake. Kinachokosekana ni maganda, kwa kuwa sehemu kubwa ya korosho yetu hupanda meli ikiwa ghafi, kwenda India na Vietnam.

Si kwamba hatukupanga kuibangua wenyewe. Miaka ya 1970 serikali ilikopa, Benki ya Dunia ikiwa miongoni mwa wakopeshaji, ikajenga viwanda vya kubangua; vikafika 12. Vilipokuwa tayari, korosho yenyewe ilikuwa imeadimika: kutoka tani 145,000 hivi msimu wa 1973/74 hadi chini ya tani 20,000 miaka ya 1980. Bei ilikuwa mbovu, wakulima walikuwa wamehamishiwa vijiji vya mbali na mikorosho yao, na ugonjwa wa ubwiriunga nao ukaingia. Mashine zikanyamaza, majengo mengine yakageuka maghala. Novemba 2018 Rais Magufuli aliagiza jeshi lisombe korosho, inunuliwe kwa shilingi 3,300 kilo na ibanguliwe hapahapa. Uwezo wa kubangua haukutosha, na nyingi ikauzwa ghafi.

Kwa maoni yangu, mipango yote hiyo ilihesabu kiini tu. Ganda ni karibu asilimia 70 ya uzito wa korosho, na takriban robo ya ganda ni mafuta. Mubofu aliandika mwaka 2016 makala nzima juu ya thamani ya taka hiyo, lakini mbanguaji mdogo wa kusini bado anaitia jikoni kama kuni, moshi wake ukimtoa machozi. Mashine ya kukamua mafuta hayo si ya ajabu. Andiko la mradi wa kiwanda kipya lisiloiweka kwenye bajeti, pamoja na jina la atakayeyanunua mafuta, benki ingelirudisha tu.