Karata na Kiini Macho: Namna ya Kuanza

Nilipokuwa kidato cha pili, rafiki yangu mmoja alifika shuleni mwanzo wa muhula bila karo. Baba yake alikuwa ameuza ndama ili kuipata. Lakini kwenye kituo cha mabasi aliwakuta watu wamezunguka sanduku, na juu ya sanduku mtu mmoja alikuwa akichezesha karata tatu. Mchezo huo huitwa pata-potea. Alimwona wa kwanza akishinda, na wa pili akashinda. Naye akatia fedha, kwanza kidogo, halafu nyingi. Kabla basi lake halijaondoka, karo yote ilikuwa imekwisha. Alirudishwa nyumbani, nasi hatukumwona tena mpaka mwaka uliofuata.

Hiyo ndiyo sababu iliyonifanya nijifunze mambo ya karata. Sikutaka kucheza kamari. Nilitaka kujua mwenzangu aliibiwa kwa njia gani. Nilipokwisha kujua, niliona ya kuwa mikono ile ile iwezayo kuiba yaweza pia kuwafurahisha watu bila kumdhuru mtu. Basi, wadogo zangu mlio shuleni, na wenzangu tuliokwisha kuondoka, nataka kueleza namna mtu anavyoweza kuanza.

Kwanza, zijue karata zenyewe. Jozi moja ina karata 52 za aina nne, na kila aina ina karata 13. Majina ya aina hizo ni kopa, uru, shupaza na pau. Majina haya yalitoka kwa Wareno, waliofika Mombasa mwaka 1498 na kukaa pwani miaka mingi. Kwa Kireno copas ni vikombe, ouros ni dhahabu, espadas ni panga, na paus ni magongo. Kwa maana karata za zamani zilichorwa picha za vitu hivyo. Hata neno turufu ni la Wareno. Kwa hiyo mchezaji wa bara anapotaja shupaza, anasema neno lililokuja kwa jahazi.

Pili, jua ya kuwa kiini macho si uchawi. Mwaka 1584 Mwingereza mmoja, Reginald Scot, alitoa kitabu kiitwacho The Discoverie of Witchcraft. Wakati ule watu walikuwa wakiuawa huko Ulaya kwa kudhaniwa kuwa wachawi. Scot alieleza waziwazi jinsi michezo ya karata, mipira na sarafu inavyofanywa kwa wepesi wa mikono, ili watu waache kuwashtaki wenzao bure. Nasi tufuate mfano huo. Mtu akikuuliza kama una dawa, mjibu kwamba huna, ni mazoezi tu.

Sasa tuanze na mchezo mmoja rahisi. Changanya karata, kisha utazame kwa siri karata ya chini kabisa. Tuseme ni sita ya pau. Zitandaze kifudifudi, umwambie mwenzako achague moja, aitazame, awaonyeshe wengine, halafu aiweke juu ya jozi. Mwambie akate: ainue sehemu ya juu na kuiweka mezani, kisha aweke juu yake ile sehemu iliyobaki. Yeye adhani karata yake imepotea katikati. Kumbe sita ya pau, iliyokuwa chini, sasa imekaa juu ya karata yake hasa!

Anza kuzifunua moja moja kutoka juu, na kuzipanga mezani zikipandiana kidogo. Ukiiona sita ya pau, itakayofuata ndiyo yake. Hapo usisimame. Endelea kufunua tatu au nne nyingine, kisha useme, "Karata nitakayoigeuza sasa ndiyo yako." Mwenzako atacheka, kwa kuwa amekwisha kuiona ikipita. Ndipo unyoshe mkono mezani uichukue karata yake na kuigeuza. Pengine itatokea kwamba sita ya pau imebaki chini kabisa. Basi ujue ya kuwa karata yake ndiyo ya juu kabisa, ile ya kwanza kufunuliwa.

Mchezo wa pili hautaki wepesi wa mikono hata kidogo. Ni hesabu tupu. Chukua karata 21. Zigawe zikiwa wazi katika safu tatu, ukitia moja katika kila safu kwa zamu, mpaka kila safu iwe na karata 7. Mwenzako achague moja kwa moyo wake, akuambie safu tu. Zikusanye, safu ile ukiiweka katikati ya nyingine mbili. Fanya hivyo mara tatu. Baada ya mara ya tatu, hesabu kutoka juu: karata ya 11 ndiyo yake.

Kwa nini? Baada ya mara ya kwanza, karata yake imo kati ya ya 8 na ya 14. Ukigawa tena, hizo saba huangukia nafasi ya 3, ya 4 au ya 5 ya safu zao. Ukiweka safu yake katikati, karata yake huwa ya 10, ya 11 au ya 12. Ukigawa mara ya tatu, zote tatu huangukia nafasi ya 4, kila moja katika safu yake. Basi weka safu 7 juu, ongeza 4, utapata 11. Asiye na karata, au ambaye wazazi wake hawazitaki nyumbani, aweza kukata vipande 21 vya karatasi na kuviandika namba; mchezo utakuwa ule ule.

Usidhani ya kuwa hesabu hii ni ya watoto tu. Mmarekani Persi Diaconis aliondoka kwao akiwa na umri wa miaka 14, akamfuata bingwa wa karata Dai Vernon safarini. Baadaye alikuwa mwalimu mkuu wa hesabu katika chuo kikuu cha Stanford. Mwaka 1992 yeye na mwenzake Dave Bayer walionyesha kwamba jozi ya karata 52, ikichanganywa kwa kupachanisha nusu mbili, yahitaji kuchanganywa mara 7 hivi ndipo ichanganyike vizuri.

Katika mazoezi, shika mambo haya. Jifunze michezo miwili au mitatu mpaka mikono iifanye bila kufikiri, usikimbilie ishirini. Fanya mbele ya kioo, maana kioo hakikuonei haya. Usiseme mapema litakalotokea, wala usirudie mchezo ule ule mbele ya watu wale wale. Mara ya pili macho yao yatajua pa kutazama. Tena usimfanye mwenzako aonekane mjinga. Anayetaka kitabu cha Kiingereza atafute The Royal Road to Card Magic cha Hugard na Braue, kilichotolewa mwaka 1948. Humwongoza mwanafunzi hatua kwa hatua.

Na ile pata-potea? Mwenye karata hushika mbili katika mkono mmoja, moja juu ya nyingine. Watu hudhani ataangusha ya chini kwanza, naye pengine huangusha ya juu. Tangu hapo jicho lako lafuata karata isiyo yenyewe. Na wale uliowaona wakishinda ni wenzake. Hata ukiijua iliyo ya kweli hutashinda: mmoja wao ataweka fedha nyingi kuliko zako na yako ikataliwe, au mwingine atapiga kelele kwamba askari wanakuja, na sanduku litapinduliwa.

Hapo ndipo palipo tofauti. Mwenye kiini macho hukuambia mapema ya kuwa atakudanganya, kisha hukurudishia saa yako na fedha zako. Yule wa kituoni hukuambia ya kuwa utashinda.

Rafiki yangu alimaliza masomo yake, ingawa alichelewa mwaka mzima. Nilipomwonyesha jinsi karata ile inavyoangushwa, alinyamaza kitambo, akaniomba nirudie polepole. Halafu akasema, "Laiti ungalinionyesha mapema." Nami naandika haya ili wewe, mdogo wangu, uwe umeonyeshwa kabla hujapanda basi.