Taya la Farasi au Punda Likivunjika Hutibika

Farasi au punda aliyevunjika taya hana budi kutibiwa mapema, kwani asipoweza kutafuna hudhoofika haraka. Wafugaji wa Kinondoni na Temeke wanapaswa kuangalia mate yenye damu, chakula kudondoka mdomoni na meno ya mbele kutolingana. Mara nyingi chanzo ni teke, au mnyama kung'ata kitu kisha kujivuta kwa hofu.

Daktari wa mifugo humpa mnyama dawa ya kumtuliza na ganzi, husafisha jeraha na kufunga meno kwa waya ili mfupa utulie. Waya hukaa takriban wiki 6 hadi 8. Mnyama hulishwa chakula laini na havishwi lijamu. Kwa kuwa taya hupata damu ya kutosha, wengi hupona.

Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inataka mnyama aliyeumia apatiwe matibabu.